Kulishona upya pango letu la Noeli

Nyumbani kwetu Bagamoyo, Noeli ni pango, yaani banda dogo lenye sanamu za kuzaliwa kwa Yesu. Mti wa dukani uliwahi kuletwa na ndugu mmoja kutoka Dar es Salaam, ukakaa sikukuu mbili tatu, kisha ukagaiwa. Pango halijawahi kugaiwa. Ndilo linalopewa meza ya sebuleni tangu Dominika ya kwanza ya Majilio, likiwa na wanyama peke yao. Mtoto halazwi horini mpaka usiku wa tarehe 24 Desemba, na Mamajusi husafiri juu ya rafu ya vitabu, wakisogezwa kidogo kidogo, hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Kazi ya kuwasogeza ni ya watoto, nayo hugombewa.

Lilitengenezwa na babu yangu mzaa mama, mwaka ambao mama alipokea Komunyo ya kwanza. Babu alikuwa seremala. Ufundi aliupata kwa wazee waliofundishwa misheni, pale ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walipiga kambi mwaka 1868 na kuwafundisha watoto waliokombolewa utumwani useremala, uashi na kilimo. Hakuwa mchonga sanamu. Alikuwa mtu wa milango, vitanda na madawati, na sanamu zake zinaonyesha hivyo: zimesimama wima, mabega mapana, hakuna pindo la nguo linalopepea. Yosefu ameshika bakora. Maria amejitanda mtandio. Mamajusi wamevaa majoho na vilemba, kwa sababu Babu aliwachonga kwa kuwatazama wazee wa mjini waliokuwa wakitoka msikitini siku ya Ijumaa. Ngamia peke yake alitolewa kwenye picha ya kalenda.

Mwaka jana lilikuwa limefika mahali ambapo mtu hujiuliza atengeneze au aweke kumbukumbu kabatini. Ng'ombe alikuwa anadondosha unga. Ngamia hakuwa na kichwa. Banda lilikuwa limelala upande, na kila ukilisimamisha lilirudi kule kule. Jamaa mmoja alipendekeza tununue seti ya plasta, nzuri, ya rangi rangi, na hii ya Babu tuitie kwenye kasha la kioo isiharibike zaidi. Nilikataa, na bado nakataa. Pango la nyumbani lina sheria yake, tofauti na la kanisani au kitu cha makumbusho. Lazima lishikwe. Mtoto wa miaka minne lazima aweze kumchukua kondoo, amzungushe meza nzima, amrudishe. Kwa hiyo litavunjika, na anayelitengeneza leo anatakiwa alitengeneze kwa namna ambayo atakayelitengeneza baada yake ataweza kulifungua tena. Kila uamuzi nilioufanya ulitokana na hilo.

Na nadhani asili ya desturi yenyewe inaniunga mkono. Fransisko wa Asizi, mwaka 1223, pale Greccio, Italia, hakuweka sanamu za kutazamwa. Alitaka hori, nyasi, ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho yao namna mtoto yule alivyokosa hata vitu vya lazima. Ng'ombe na punda hao hawamo katika Injili ya Luka. Wanatoka kwa nabii Isaya, sura ya kwanza, anaposema wanyama hawa wanamjua mwenye kuwalisha. Pango tangu mwanzo lilikuwa kitu cha kusogelewa, chenye harufu na joto. Kulifungia kwenye kioo ni kulirudisha nyuma.

Nilianza na fukusi, maana wao hawangoji.

Unga uliokuwa chini ya ng'ombe ulikuwa laini sana, wa rangi ya krimu, umejilundika kwa vichuguu vidogo. Huo si wa mchwa. Mchwa hutembea na udongo wao, na ukiwafuata utaona njia zao ukutani. Fukusi hukaa ndani ya mbao yenyewe. Mabuu yake hutoboa humo kwa miezi mingi bila wewe kuona kitu. Siku mdudu mzima anapotoka ndipo huacha tundu la duara la milimita moja au mbili na ule unga. Kinachomvuta ni wanga uliomo katika sehemu nyeupe ya mti, ile iliyo karibu na gome. Kiini cha mti mgumu hakimfai.

Hapo ndipo nilipomwelewa Babu vizuri zaidi. Maria, Yosefu na Mtoto ni kiini cha mninga, chekundu, kizito, na hawana hata tundu moja. Ng'ombe, kondoo wote na mchungaji mmoja ni mwembe, mti laini unaochongeka bila taabu lakini fukusi wanaupenda, na hao ndio waliobunguliwa. Mninga ulikuwa mchache karakanani kwake, naye akawapa wale ambao hakutaka waharibike.

Ushauri wa majirani ulikuja wa kila aina. Wa kwanza ni mafuta ya taa, yatiwe kwa sindano kila tundu. Yanaua baadhi, ni kweli, lakini sitaki kitu kinachonuka mafuta ya taa kwenye mkono wa mtoto, wala karibu na nyasi kavu. Wa pili ni mafuta ya maganda ya korosho, ambayo watu wa pwani wamepaka vyombo vyao vya baharini tangu zamani. Hayo yanazuia wadudu na maji, lakini yanaunguza ngozi. Aliyewahi kubangua korosho mbichi kwa mikono anajua. Wa tatu ni majani ya mwarobaini, na hayo bibi yangu alikuwa akiyaweka sandukuni kila mwaka. Mwarobaini hufukuza wadudu wasije, ndiyo maana watu huuweka kwenye mahindi. Aliye tayari ndani ya ng'ombe haumtoi.

Kinachomuua aliye ndani, pamoja na mayai yake, bila kuacha sumu yoyote, ni baridi kali. Shangazi yangu anauza samaki na ana friza kubwa. Nilivifunga vinyago vyote vya mwembe kwenye mifuko ya plastiki, viwili viwili, nikakamua hewa yote, nikafunga kwa tepu mara ya pili ili harufu ya samaki isiingie, tukaviweka chini kabisa, mahali penye nyuzi 18 chini ya sifuri. Viliachwa humo wiki mbili na zaidi, maana umeme wetu hukatika, na kila unapokatika muda mrefu lazima uongeze siku. Siku ya kuvitoa usikimbilie kufungua mfuko. Viache vifungwe hivyo hivyo mpaka vipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa yetu hii ya pwani utatua juu ya mbao badala ya juu ya plastiki, na mbao itapasuka au kuota ukungu.

Baada ya hapo niliwasimamisha wote juu ya kitambaa cheusi ndani ya boksi na kuwaacha. Kitambaa cheusi ndicho kipimo. Fukusi akiwa hai, unga mpya utaonekana. Haukuonekana. Matundu niliyaziba kwa nta ya nyuki iliyolainishwa juani, nikaisukuma kwa kijiti na kusugua kwa kitambaa. Nimeyaziba yale makubwa tu. Mgongo wa ng'ombe umebaki na vidoti vyake, na watoto wanasema ni madoa ya ngozi.

Ngamia nilimpeleka kwa mchonga vinyago mmoja anayekaa kwenye njia ya kuelekea ufukweni, kijana aliyesomea sanaa hapa hapa mjini. Nilitaka anichongee kichwa kipya. Alikitazama kile cha zamani, akakizungusha kidoleni, akaniambia, "Mama, huyu hakuvunjwa na mtoto. Kavunjwa na nyuzi za mti."

Akanionyesha. Nyuzi za mbao zilikuwa zinapanda wima kutoka miguuni, jambo ambalo ni sawa kwa miguu, lakini shingo ya ngamia inatoka mbele kwa mlalo, kwa hiyo nyuzi zinaikata shingo kwa upana. Ni fupi mno pale. Hazina cha kushikana. Hata angewekwa kwenye kasha la kioo, siku moja angedondosha kichwa. Punda, ambaye shingo yake Babu aliiacha fupi na imeinuka, hajawahi kuvunjika.

"Kichwa kipya ukitaka nitakuchongea," alisema, "lakini hiki kinafaa. Kinataka mfupa tu."

Mfupa ni kijiti cha mshikaki. Mianzi ina nyuzi ndefu na zenye nguvu, na kijiti cha mshikaki kina unene wa milimita tatu hivi, kamili kwa shingo ya ngamia mwenye kimo cha kiganja. Kwanza ilibidi kuondoa gundi ya haraka iliyopakwa miaka ya nyuma. Ile gundi hukauka ngumu kama kioo na kuziba vinyweleo vya mbao, na gundi ya seremala haipati pa kuingia. Ukipaka juu yake unagandisha gundi kwa gundi, si mbao kwa mbao. Niliikwangua kwa ncha ya kisu bila kugusa mbao. Yeye akatoboa kwa keekee tundu la kufuata mlalo wa shingo, nusu kichwani, nusu kifuani, tukatia gundi nyeupe ya mbao, tukasukuma kijiti, tukabana kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tyubu ya baiskeli ndiyo jiliwa bora kwa kitu chenye umbo la ajabu: inazunguka kila upande na inavuta sawasawa. Tulikiacha mpaka kesho yake.

Mstari wa pale palipovunjika unaonekana. Niliacha hivyo. Mjukuu wa ngamia huyo, yaani mtu atakayemrithi, atajua ndani mna nini na wapi pa kukata.

Sasa nije kwenye banda, maana ndilo lililonifundisha kuliko vyote.

Babu alilijenga kwa fito za mikoko zilizofungwa kwa kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Nguzo nne, mtambaapanya, kenchi mbili za paa, na ukuta wa nyuma wa fito zilizopangwa. Hakuna ufito ulioliwa na wadudu mpaka leo. Mikoko ina asili ya kuchukiza wadudu, na wazee walipoitia boriti zake kwenye nyumba za mawe hawakukosea. Kilicholiangusha ni misumari. Baba mdogo wangu, alipoona kamba zimelegea, alitaka banda liwe imara mara moja, akapiga misumari kwenye kila kiungo. Kwa mji mwingine labda lingesimama. Hapa hewa ina chumvi. Msumari uliota kutu, kutu ikavimba, ufito ukapasuka kwa urefu. Na kwa kuwa mikoko ina dawa ile ya kukazia ngozi na kutia rangi, kila penye chuma mbao imegeuka nyeusi kama iliyomwagiwa wino.

Nililichukua banda mpaka ufukweni kwa mzee mmoja anayetengeneza ngalawa, karibu na mnada wa samaki.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta tundu la kuku?"

"Ni banda la pango letu la Noeli."

Aliinua nyusi, akaketi juu ya gogo, akalipakata. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo. Penye msumari alitikisa kichwa. Penye kamba ya zamani, ile ambayo baba mdogo hakuifungua bali aliipigilia juu yake, alisimama muda mrefu.

"Hii kafunga nani?"

"Babu yangu mzaa mama. Marehemu."

"Mungu amrehemu. Huyu alijua. Misumari itoe yote. Ufunge tena kama alivyofunga."

Ngalawa anazotengeneza yeye zina misumari, na hakuficha kwamba msumari una mahali pake, kwenye ubao mnene unaoupokea. Lakini pwani hii iliwahi kuwa na mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba ya usumba bila chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilikwisha kusafiri mwanzoni mwa karne ya 20. Zanzibar waliwahi kujenga mmoja upya na kuuweka ndani ya Jumba la Maajabu, nami nilipelekwa kuutazama nikiwa mwanafunzi. Kitu kilichonishika siku ile ni maelezo kwamba ubao ukioza, fundi hukata mshono, huutoa, hutia mwingine, hushona tena. Chombo kizima kilikuwa tayari kufunguliwa. Sikujua kwamba tulikuwa na kitu cha ukoo huo juu ya kabati la nguo nyumbani.

Misumari niliitoa kwa koleo, taratibu, nikiikata vichwa ile iliyokataa. Fito zilizopasuka sikuzitupa. Nilizibana kwa gundi na kuzizungushia uzi. Ufito mmoja tu ulikuwa haufai, nikaubadilisha kwa kipande kilichotoka kwenye paa la nyumba ya zamani ya shangazi lilipobomolewa, kwani mikoko haikatwi ovyo siku hizi na hakuna sababu ya kukata mpya kwa kitu cha urefu wa mkono. Kamba nilinunua kwa mama mmoja anayesokota mwenyewe. Makumbi huzikwa kwenye tope la maji ya chumvi kwa miezi mpaka yalainike, yakapigwa, yakaoshwa, ndipo nyuzi zinasokotwa kwa viganja. Kamba ya kiwandani ya plastiki ni rahisi, lakini inateleza, fundo lake halishiki kwenye ufito mwembamba, na jua la dirishani huifanya ivunjike vipande. Usumba una vinyweleo vinavyoshika mbao.

Mzee alinionyesha ufungaji ule: unaanza na fundo kwenye nguzo, unazungusha kwa mshazari mara kadhaa kuzikamata fito mbili, kisha, na hili ndilo wengi hulisahau, unapitisha kamba katikati ya fito hizo mbili na kuizungusha juu ya ile kamba ya kwanza, ukiivuta. Mizunguko ya kwanza inashika. Hii ya pili ndiyo inayokaza. Banda lilipofika kiungo cha nne lilikuwa halitikisiki tena. Nilipomuuliza nimlipe nini, alisema nisimsahau siku ya pilau. Hakusahauliwa, na Idi sisi ndio tulikwenda kwake.

Paa lilikuwa raha tupu. La zamani lilikuwa na vipande vya makuti makubwa yaliyokatwa, yasiyolingana na banda. Lilionekana limefunikwa, halikuezekwa. Watoto na mimi tulisuka makuti madogo kwa namna ile ile yanavyosukwa ya nyumba. Chukua majani machanga ya mnazi, yapasue kwa urefu yawe nyembamba, yaloweke usiku kucha. Kata vijiti vya ukuti vyenye upana wa banda. Kunja kila jani juu ya kijiti, lipishane na la jirani yake, kisha shona chini ya kijiti kwa uzi wa ukindu, ndani, nje, ndani, nje. Ukuti mmoja ukiisha unautandaza chini ya kitabu kizito ukauke ukiwa bapa. Kuezeka huanzia chini, kwenye ukingo, na kila ukuti unaofuata hulala juu ya uliotangulia kwa zaidi ya nusu. Ukianzia juu mvua ingeingia, na hata kama banda letu halinyeshewi, macho ya mtu wa pwani yanajua mara moja kwamba paa hilo ni la uongo. Makuti haya yamefungwa kwa uzi kwenye fito, hayakugandishwa. Yakichakaa yatakatwa na wengine watasuka yao.

Chini ya paa, kwenye kenchi ya kulia, pana alama nyeusi ya moto. Bibi alikuwa akiwasha mshumaa ndani ya banda, na Noeli moja ulishika makuti. Alama ile nimeiacha. Mshumaa sikuurudisha.

Baada ya mshumaa zilikuja taa za nyororo za kuwaka na kuzima, zile za balbu ndogo zilizounganishwa moja baada ya nyingine moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230. Balbu moja ikiungua zote hulala. Na zikiwaka, huwa za moto, zimeegemea nyasi, na watoto wanaingiza mikono. Nimeziondoa kabisa. Badala yake nina taa tatu ndogo za LED zenye mwanga wa manjano, kila moja na rezista yake ya omu 100 ya kupunguza mkondo wa umeme, zinazotumia betri tatu ndogo za volti 1.5, jumla volti 4.5. Mpwa wangu anayetengeneza redio alizilehemu, akapaka rangi ya kucha kwenye kila kiungo ili chumvi ya hewa isiile shaba. Taa zote zinakunywa umeme kidogo sana, kiasi kwamba seti moja ya betri za alkali huvuka saa 40, na umeme wa nyumba ukikatika usiku wa Mkesha pango ndilo linalobaki linawaka. Hakuna taa inayoonekana kwa macho. Moja imefichwa nyuma ya hori, mbili nyuma ya mwamba, na mwanga unapiga ndani ya makuti ndipo urudi chini kwa wanyama. Usiweke taa juu ya uso wa Mtoto. Itamfanya aonekane yuko jukwaani.

Mwamba wenyewe ni karatasi za mifuko ya saruji, kama pango lolote la Tanzania. Unaikung'uta vizuri nje, unaikunja, unaikunjua, unaibana kwenye umbo. Nilibadilisha mambo mawili. Gundi ya uji wa ngano niliiacha kwa sababu mende na panya huila pamoja na karatasi. Wazee wengine walitia mrututu ndani yake, lakini mrututu ni sumu na hauna nafasi mahali penye watoto. Nimetumia gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. La pili ni rangi. Mwamba wetu ulikuwa wa kijivu, mwamba wa picha za Ulaya. Nimeupaka chokaa, kisha udongo mwekundu uliochujwa, kisha nikausugua kwa sponji kavu, mpaka ukafanana na kuta za matumbawe za majumba ya hapa mjini, zile zenye matobo na madoa ya mvua. Hakuna jiwe lililotolewa kwenye magofu, wala Kaole wala kwingine.

Nyasi nazo nimezibadilisha kwa mabaki ya ukindu wa mikeka. Hazivunjiki kuwa vumbi, na hazileti wadudu kutoka shambani.

Kuhusu rangi za sanamu tulibishana. Mama, akiwa msichana, alimpaka Maria buluu ya mafuta, na sasa imebanduka mabegani, mninga unachungulia. Dada yangu alitaka tuikwangue yote ili uzuri wa mti uonekane. Kuna sababu mbili za kutofanya hivyo. Rangi ya mafuta ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na ukiipiga msasa ikiwa kavu unga wake ni hatari kwa mtoto yeyote aliye ndani ya nyumba. Na sababu ya pili ni mama mwenyewe, ambaye bado yuko nasi na anakumbuka duka alilonunua kopo lile. Nilimfuta Maria kwa kitambaa chenye unyevu, nikamsugua nta nzito ili rangi isiendelee kubanduka. Buluu imebaki.

Kitako kilikuwa cha plaiwudi iliyokwisha kuvimba na kufunguka matabaka. Kipya ni vipande viwili vya msaji, mabaki ya mbao zilizotoka Longuza kule Muheza, vimeunganishwa kwa bawaba za shaba ili kikunjwe. Msaji hautaki dawa na mchwa hawauhangaikii. Kwa kuwa kitako kinakunjika na banda linafunguliwa kwa kuchomoa nguzo kwenye matundu yake, pango zima sasa linaingia kwenye sanduku moja, kila kinyago kimefungwa kipande cha kanga kuukuu, na sanduku linakaa juu ya kabati, mbali na ukuta unaotoka jasho wakati wa masika. Majani ya mwarobaini ya bibi yamo, mapya kila mwaka.

Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi. Nimeiandika kwa penseli, maana wino huchuruzika kwenye unyevu wetu: nani ni mninga, nani ni mwembe, nani aliwekwa kwenye friza, kijiti kiko wapi ndani ya ngamia, kamba ilinunuliwa kwa nani, rezista ni ya kiasi gani. Anayefuata ataongeza chini.

Kazi iliyobaki ni ya mwaka huu. Watoto wameomba mvuvi. Wanasema wachungaji ni wengi na hawajawahi kumwona mchungaji hapa mjini, ila wavuvi wanawaona kila asubuhi, kwa hiyo anatakiwa mtu mwenye dema, mtego wa samaki, begani. Kipande cha mninga nimekipata kwa seremala wa Magomeni, kiini kitupu, na yule kijana wa vinyago amekubali kukichonga kwa sharti kwamba dema isimame sambamba na mwili, isitokeze kwa mlalo, tusije tukarudia ya ngamia. Mama naye ametoa sharti lake: mvuvi asipangwe mbele ya wachungaji, kwa sababu wao ndio walioitwa kwanza. Watoto wamekubali, lakini wanauliza kama anaweza kufika kabla ya Mamajusi.